WALIOUZWA NA WALIOUZA: KILA MMOJA KASIMULIA

Hotuba iliyosemwa Mkula, mkoani Simiyu, mbele ya wazee, walimu na vijana



Tumeombwa tuseme habari za dhuluma ya zamani, na Mwenyekiti ametuonya tusiseme maneno ya jumla. Onyo hilo limetupendeza. Maneno ya jumla juu ya utumwa tumekwisha kuyachoka. Mtoto wa shule hukaririshwa kwamba kulikuwako biashara ya watumwa, kwamba soko lilikuwa Unguja, kwamba lilifungwa mwaka 1873. Hupewa mtihani, hujibu, hupata alama zake, kisha husahau. Ukimwambia, "Nitajie mtumwa mmoja tu kwa jina lake," atakutazama. Majina ya Wazungu waliopita na kofia zao anayajua: Livingstone, Stanley, Speke. Majina ya waliowabebea mizigo Wazungu hao hayajui, seuze ya wale waliopita njia ile ile wakiwa na minyororo shingoni.

Hata sisi tulikuwa hivyo. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulisoma historia kwa muhtasari, nukta ya kwanza, nukta ya pili, funga daftari. Siku moja katika maktaba, tukitafuta kitabu kingine kabisa, tulikuta maisha ya Frederick Douglass, mtumwa wa Marekani, aliyoyaandika mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1845. Tulianza kukisoma tukiwa tumesimama, na taa zilipozimwa tulikuwa bado tunasoma kwa tochi. Tulipokimaliza tulijiuliza: Je, wa huku kwetu walikuwa mabubu? Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa akasema, "Mimi fulani, nilikamatwa hivi, niliuzwa hivi"? Wako, ndugu zangu. Walisema, na maneno yao yaliandikwa. Ni sisi ambao hatukuulizia.

Wa kwanza ni msichana aliyeitwa Swema. Alikuwa Myao, kutoka kusini. Maisha yake aliyasimulia Unguja, katika misheni ya mapadre Wafaransa, katika miaka ya 1860. Padre Horner akayaandika, na mwaka 1870 yakachapwa kitabu huko Ufaransa. Swema hakutekwa vitani. Hilo tunataka mlishike, maana tumezoea kudhani kila mtumwa alitekwa kwa bunduki usiku. Baba yake alikufa, mama akabaki mjane, akakopa nafaka kwa jirani. Mavuno yakamnyima. Deni likakaa, likakomaa. Msafara wa wafanya biashara ulipopita kijijini, mwenye kudai akaja na watu wake, akamchukua mtoto badala ya nafaka yake, akamwuza.

Mama yule akafanya nini? Akawafuata. Akawaomba wenye msafara wampokee naye, akabeba pembe ya ndovu kichwani ili tu awe karibu na mtoto wake. Mama huru akajitia mwenyewe katika mzigo! Wakamkubalia, kwa nini wakatae? Mpagazi wa bure. Njiani chakula kikapungua, mama akadhoofika, akashindwa na pembe, na aliyeshindwa na pembe katika msafara ule hakuwa na kazi tena. Wakamwacha porini. Swema akavutwa aende mbele. Alifika Kilwa, akapakiwa jahazini kwenda Unguja, na kufika huko alikuwa mahututi hata wakamhesabu maiti, wakamfukia katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja aliyepita karibu akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa mapadre. Alikuwa na umri kama wa miaka kumi. Ni mtoto wa darasa la nne.

Wa pili ni Petro Kilekwa, Mbisa, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Huyu alitekwa akiwa mtoto. Mama yake alipata habari wapi mtoto aliko, akaja kumkomboa. Bei ilitajwa: nguo, yadi chache tu. Mama hakuwa nazo, wala hakuna wa kumkopesha, akarudi mikono mitupu, na mtoto akavushwa Ziwa Nyasa, akafikishwa pwani, akapakiwa jahazi la kwenda Arabuni. Manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi lile. Akasomeshwa Kiungani, Unguja, akawa padre, na uzeeni akaandika maisha yake kwa Kichinyanja. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1937. Mzee yule alikwisha kuona bahari, miji na makanisa makubwa. Lakini katika kitabu chake mama bado amesimama pale, anaulizwa nguo na hana.

Sasa rudini nasi Marekani kwa Douglass. Yeye hakujua siku wala mwaka aliozaliwa, maana watumwa hawakuandikiwa. Alitengwa na mama yake angali mchanga. Mama alikodishwa kwenye shamba lililokuwa mbali, maili 12 hivi. Alifanya kazi mchana kutwa, kisha usiku akatembea maili zile kwa miguu ili alale na mtoto wake kidogo, akaondoka kabla ya kupambazuka, kwa sababu asiyekuwapo shambani jua linapochomoza alichapwa. Douglass anasema alimwona mama yake mara nne au tano tu, na kila mara usiku. Hakumbuki kuuona uso wake mchana. Alipokuwa na miaka kama saba mama alikufa, na mtoto hakuruhusiwa kumwona mgonjwa wala kumzika.

Mama watatu, ndugu zangu. Mmoja kabeba pembe, mmoja kakosa nguo, mmoja katembea usiku. Hawakujuana, hawakusema lugha moja, na kati yao ni bahari. Kina mama mliokaa upande ule, mnajua vizuri kuliko sisi ni nini kinachosemwa hapa, basi hatuongezi.

Lakini msidhani kwamba kilichowaunganisha ni huzuni tu. Kuna kitu cha kushika mkononi, tena ni kitu ambacho watu wa Simiyu na Mwanza, wakulima wa pamba, hatuna udhuru wa kutokukijua. Ni nguo. Wazee wetu mnaikumbuka nguo iliyoitwa merikani. Vijana husikia jina hilo wakadhani ni jina tu, kama kaniki au khanga. Merikani ni Marekani. Wafanya biashara wa mji wa Salem, katika Massachusetts, walikuwa wakija Unguja na merikebu. Mwaka 1833 nchi yao ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 wakaweka balozi wao pale. Walileta nguo nyeupe, nzito, isiyopakwa rangi. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe zile zilikwenda kuchongwa vitana na vibao vya vinanda katika nyumba za matajiri wao.

Nguo ile ilifumwa wapi? Katika viwanda vya kaskazini ya Marekani. Na pamba yake ilichumwa na nani? Na watumwa wa majimbo ya kusini, watu weusi, ndugu zake Douglass. Basi pamba iliyochumwa na mtumwa wa kule ilifumwa ikawa nguo, nguo ikapanda merikebu ikashuka Unguja, ikatiwa katika mitumba, ikabebwa na wapagazi hadi bara, na huko bara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa nguo ulilipa hongo ya kupita katika nchi ya mtemi, kwa nguo ulinunua chakula, na kwa nguo ulinunua mtu. Hatusemi kila yadi iliyonunua mtu ilitoka Marekani. Nguo za Bara Hindi zilikuwako, na kaniki ilikuwako. Marekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, merikani iliadimika sana, na nguo nyingine zikashika nafasi yake. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo merikani ndiyo iliyotamba. Mtu aliyenyang'anywa jasho lake upande mmoja wa dunia, jasho lake likaja kununulia mwenziwe upande wa pili, na hakuna kati yao aliyejua. Mwenye kitabu cha hesabu ndiye aliyejua.

Hapo sasa tuingie kwa wenye kitabu cha hesabu.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye bara nzima ilimwita Tippu Tip, naye alisimulia maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Alikufa Unguja mwaka 1905. Kwa hiyo mojawapo ya vitabu vya kwanza kabisa ambamo mtu amesimulia maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu hii ni kitabu cha bwana mkubwa wa misafara. Tuseme kweli: kitabu ni kitamu. Kiswahili chake ni cha mtu asiyekuwa na haja ya kujipamba. Kinakwenda mbio, leo yuko Tabora ambako baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira, kesho yuko Itawa anapigana na Nsama, keshokutwa yuko Manyema. Ukisoma, kila mara utakutana na frasila. Frasila ngapi za pembe zilipatikana hapa, ngapi pale, bei ilikuwa gani Unguja aliporudi. Frasila moja ni kilo 16 hivi. Pembe zinahesabiwa, lakini watu huja kwa jumla.

Chukueni habari moja. Wapagazi walipomtoroka katika nchi ya Wazaramo, aliingia vijijini akakamata watu, anasema 800, akawatia minyororo wabebe mizigo yake. Anasimulia jambo hilo kama sisi tunavyosimulia tairi ilipopasuka na tukaazima nyingine. Tena anaongeza kwamba wenyeji walimpa jina kwa tendo hilo, wakamwita Kingugwa, maana yake chui, kwa vile chui hukamata huku na huku bila kuchagua. Jina analipenda! Watu 800, kila mmoja na mkewe na shamba lake na mama yake, na katika kitabu kizima hakuna hata jina la mmoja wao. Kama tungekuwa na kitabu hicho peke yake tungedhani safari zile zilikuwa ushujaa mtupu.

Na liko jambo jingine lililotushangaza kuliko hilo. Alipofika Utetera, katika nchi ambayo leo ni Kongo, alisikia kwamba Mtemi Kasongo Rushie alikuwa na dada zake waliochukuliwa mateka zamani. Tippu Tip akasema: Mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Aliuzwa, akafika pwani, babu yangu akamfanya suria, na mimi ni uzao wake. Wakamsadiki, na mtemi mzee akamkabidhi nchi. Fikirini vizuri. Mtu aliyefunga minyororo wana wa watu alijua sana kwamba huko nyumbani kwao wanakumbukwa, kwamba kuna kaka anayezeeka akiulizia dada yake. Aliijua thamani ya habari ya mateka, akaitumia kama merikani kununua utemi.

Mwingine katika wakubwa ni Bibi Salma, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akatoroka mwaka 1866 pamoja na mfanya biashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anasimulia kwamba mama yake alikuwa Msirkasi, aliyenyakuliwa angali mtoto na majambazi waliovamia nyumbani kwao wakawaua wazazi wake; akauzwa, akaishia katika nyumba ya Sultani. Anasimulia kwa uchungu wa kweli. Kisha katika kitabu hicho hicho anaweka sura nzima juu ya utumwa, na humo anawalaumu Waingereza kwa kuwaacha watumwa huru kwa haraka, na kusema mtu mweusi ni mvivu, asiyefanya kazi bila kulazimishwa. Mtoto wa aliyeuzwa anatetea kuuza. Tulisoma kurasa zile mara mbili tukidhani hatukuelewa.

Wala si yeye peke yake. Wamarekani wanamtukuza sana Benjamin Franklin, mmoja wa walioasisi nchi yao, na kitabu cha maisha yake husomwa mashuleni. Alikuwa kijana wa miaka 12 alipofungwa mkataba wa kumtumikia kaka yake katika kiwanda cha kuchapa, na kaka alikuwa akimpiga. Alipokuwa na miaka 17 akatoroka. Mwenyewe aliandika kwamba kipigo kile kilimfanya achukie utawala wa mabavu maisha yake yote. Vizuri. Lakini gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watumwa, na nyumbani kwake alikuwa na watumwa. Ilimchukua mpaka uzeeni, mwaka 1787, kuwa mkuu wa chama cha kupinga utumwa katika Pennsylvania. Basi kuonewa si shule inayofundisha kila mtu. Wengine hutoka humo wamejifunza tu namna ya kushika kiboko.

Kwa ajili hiyo tunasema vitabu vya wakubwa visitupwe. Someni Tippu Tip. Lakini asomwe karibu na Swema, maana njia ni moja, pembe ni zile zile, na mmoja yuko juu ya mzigo na mwingine chini yake. Na nyinyi walimu, kama mtatoa sura moja ya huyu kwa darasa, toeni na ya yule siku hiyo hiyo, watoto waulize wenyewe.

Kuna mwalimu mwenzetu aliyetuuliza: "Mna hakika gani kwamba wale watoto walisema hivyo? Si mapadre walioandika?" Swali lake ni halali na tusilikwepe. Swema alisimulia, padre akaandika kwa Kifaransa, na kitabu kikachapwa ili Wakristo wa Ulaya wasikitike na kutoa sadaka. Bwanikwa, mwanamke Mluba wa Kongo, baba yake alimtoa kulipa deni kwa wakwe, na baada ya hapo akauzwa mkono kwa mkono hata mara kumi. Habari zake zilitolewa na mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916. Kule kusini, Mbozi na Utengule, wanawake kama Narwimba na Chisi walisimulia, na Bibi Kootz-Kretschmer wa misheni ya Moravian akaandika kwa Kijerumani. Hata James Mbotela wa Freretown, Mombasa, aliyeandika mwenyewe kwa Kiswahili kitabu cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kuna mahali anawasifu Waingereza mpaka unatamani kumwambia, "Ndugu, basi." Mkono wa aliyeandika unaonekana. Kila penye sala ndefu na shukrani nyingi, sisi tunatia alama ya penseli pembeni.

Lakini yako mambo ambayo mwandishi mgeni hawezi kuyatunga. Mama aliyeomba kubeba pembe. Hesabu ya deni la nafaka. Bwanikwa anaeleza jinsi alivyotafuta mali kwa mikono yake akamlipa mumewe thamani yake, ili asiwe tena mke aliyenunuliwa. Mmisionari angependa aseme kwamba ni misheni iliyomweka huru. Yeye anasema alijilipia.

Na tusidhani huko Marekani waliaminiwa upesi. Kitabu cha Douglass kilitoka na maneno ya Wazungu wawili mbele yake, kuhakikisha kwamba mtu mweusi huyu ameandika kweli. Harriet Jacobs alijificha miaka karibu saba katika kijumba cha darini kwa bibi yake, mahali ambapo hawezi kusimama wima, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu alilotoboa. Akaandika kitabu mwaka 1861, akajificha tena chini ya jina la kupanga. Wataalamu wengi wakasema ni hadithi ya kubuni, ya mwandishi wa Kizungu. Ilikuwa mpaka miaka ya 1980 ndipo mtaalamu mmoja, Jean Fagan Yellin, alipofuata barua na karatasi moja moja akaonyesha kwamba ni kweli tupu. Miaka zaidi ya mia moja, mwanamke anasema nilikaa darini, na wasomi wanasema hakukaa.

Sasa tufike nyumbani, maana tunaona wazee wanatutazama kama wanaosema, "Na sisi je?"

Katika mkutano uliopita tulipotaja jambo hili kwa kifupi, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema: "Wanangu, mnafukua nini? Maneno hayo yanavunja nyumba." Hatukumjibu siku ile, kwa sababu si adabu kumjibu mzee kwa haraka, na pia kwa sababu alikuwa na haki. Sote hapa tunajua kinachonong'onwa wakati wa posa. Mambo yote yamekubaliwa, ng'ombe wametajwa, kisha shangazi mmoja anamvuta mwenziwe nyuma ya nyumba: "Lakini bibi yao wa tatu aliletwa." Aliletwa! Neno moja hilo. Halisemwi barazani, na limevunja posa, na huenda litavunja nyingine. Sheria ya kuondoa utumwa ilipitishwa Tanganyika mwaka 1922, ikapita karne nzima, na neno hilo bado lina nguvu kuliko sheria.

Mzee wetu, tunakujibu leo kwa heshima. Kinachovunja nyumba si habari yenyewe, ni kunong'onwa kwake. Swema aliletwa. Mama wa Bibi Salma aliletwa, na mtoto wake alikuwa binti wa Sultani. Padre Kilekwa aliletwa. Na tuseme na upande wa pili, ingawa ni mchungu: wako waliowaleta. Wasukuma na Wanyamwezi walisifika pwani yote kwa upagazi, na wengi walibeba kwa ujira wao halali, lakini haiwezekani kwamba katika misafara ile mikono yetu ilikuwa safi yote. Na sotoka ilipoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na njaa ikafuata, wako waliotoa watoto kwa chakula, na wako waliowapokea. Ni deni la nafaka lile lile la mama yake Swema. Aliyepokea hakujiita mwuza watu, alijiita msaidizi wa jirani.

Wala dhuluma haikwisha na minyororo. Walio na miaka 80 na zaidi mnakumbuka mambo ambayo mtoto wa leo hayajui: mizani ya pamba iliyopimwa na mwenye kununua, hata watu wakalazimika kuweka wapimaji wao wa kuitazama, na hapo ndipo ushirika wa akina Paul Bomani ulipopata nguvu. Mnakumbuka amri za matuta, faini, kodi ya kuuza ng'ombe. Mnakumbuka jinsi TANU ilivyozuiwa katika Jimbo la Ziwa mpaka mwaka 1958, na mwaka huo huo Geita ikawaka. Vitabu vya mambo hayo viko, na vingi vimeandikwa kutoka katika mafaili ya serikali ya Waingereza. Faili la Bwana Shauri linasema matuta yalikuwa kwa faida ya udongo. Mama aliyelima matuta yale na mtoto mgongoni hakuulizwa. Hatulinganishi tuta na mnyororo, tusieleweke vibaya. Tunalinganisha faili na kitabu cha frasila.

Basi tawi letu limeanza. Tumenunua madaftari, na vijana wawili wenye simu nzuri wanarekodi, kisha tunaandika neno kwa neno, kwa Kisukuma kama kilivyosemwa na Kiswahili ukurasa wa pili. Hatutii sala mahali ambapo mzee hakusali, wala hatutii chama mahali ambapo hakukitaja. Hili la mwisho mmoja wetu ofisini hakulipenda. Tulipiga kura, akashindwa, yamekwisha. Kila mwenye kusimulia anasomewa alichosema, na anachotaka kifutwe kinafutwa mbele yake. Jina likifichwa kwa hiari yake, litafichwa.

Mpaka leo wamesimulia watu tisa. Wa tisa ni bibi mmoja wa hapa hapa, yuko kati yetu, na ametupa ruhusa tuseme hili bila jina lake. Yeye mwenyewe alituita. Alisema bibi yake mzaa mama yake ndiye aliyeletwa, akiwa mtoto asiyeota meno ya pili, wakati wa njaa, kwa majembe na mtama. Alilelewa vizuri, akaolewa, akazaa watoto sita, na nusu ya waliokaa katika ua ule wametoka kwake. Tukamwuliza bibi yule aliitwa nani kabla hajaletwa. Akasema jina alilokuwa nalo hapa ni jina alilopewa hapa. La kwao alilitaja mara moja tu, akiwa mgonjwa, na wajukuu walikuwa wanacheza hawakusikiliza. Basi katika daftari, penye jina, tumeacha mstari mtupu.

Madaftari yako kwa katibu. Kila Jumamosi, baada ya gulio, tutakuwa chini ya mwembe wa ofisi mpaka jua litakapopungua. Anayetaka kusimulia na aje, na asiyeweza kutembea atume mjukuu, tutamfuata nyumbani.